Shajara ya mradi: primiamu ya Fairtrade na afya ya wanawake kwenye shamba la waridi, Naivasha

Julai: bili kwanza

Mradi haukuanza na orodha ya mahitaji. Ulianza na karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni yale ambayo mwajiri anadaiwa tayari: na sheria, na mkataba wa chama cha wafanyakazi, na kanuni zenyewe za Fairtrade, mfumo wa cheti cha biashara ya haki. Safu ya pili ni yale ambayo hayadaiwi kwa mtu yeyote, na huko ndiko pesa za primiamu, ziada ambayo mnunuzi wa Fairtrade hulipa juu ya bei ya maua, zinaruhusiwa kwenda. Glavu, gambuti, vyoo, maji ya kunywa, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili (Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 29), kamati ya usalama na afya panapofanya kazi watu 20 au zaidi: yote hayo yamekaa safu ya kwanza. Primiamu haipaswi kubeba mzigo wa kampuni.

Hapa ndipo kamati nyingi za primiamu huteleza. Stoo imeishiwa na glavu, wavunaji wanalalamika, akaunti ya primiamu ina pesa, basi zinanunuliwa haraka na kila mtu anashukuru. Wafanyakazi wamejilipia haki yao wenyewe. Mwaka unaofuata bajeti ya stoo inapunguzwa, kwa kuwa "kamati itasaidia".

Primiamu ya maua ni asilimia 10 ya bei ya FOB, yaani thamani ya maua yakishafika uwanja wa ndege tayari kupakiwa. Inaingia kwenye akaunti ya kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi, na mpango wa matumizi hupigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Hesabu ya mfano: shina likiuzwa kwa shilingi 20, primiamu ni shilingi 2. Lakini shamba linalovuna mashina milioni 10 kwa mwaka halipati milioni 20, kwa sababu primiamu hulipwa tu kwa maua yaliyonunuliwa kwa masharti ya Fairtrade. Sehemu moja kwa tano ikinunuliwa hivyo, na iliyobaki ikaenda mnadani Uholanzi, zinaingia shilingi milioni 4. Kwa wafanyakazi 800 hiyo ni shilingi 5,000 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozima pendekezo la kujenga zahanati. Jengo hupendeza kwenye picha, ila mshahara wa muuguzi unadaiwa kila mwisho wa mwezi, na oda zikianguka kama zilivyoanguka Machi 2020, mlango unafungwa. Uamuzi: primiamu itumike kwanza kwa vitu vyenye mwisho, kama chanjo, uchunguzi, fanicha na mafunzo. Chochote chenye mshahara wa kila mwezi kisubiri hadi akiba ya mwaka mmoja iwe imekaa benki.

Agosti: vyoo, maji na dakika

Rejista ya huduma ya kwanza imepangwa upya. Zamani iliandikwa jina na dawa aliyopewa mtu. Sasa kuna safu ya kitengo na namba ya grinihausi, bila jina kwenye nakala inayokuja kwa kamati. Malalamiko ya mkojo kuchoma yakionekana kukusanyika kwenye grinihausi zilizo mbali na choo, chanzo hakihitaji daktari wa kukieleza. Mwanamke anayejua kwamba choo kiko mita 300, na kwamba supavaiza anahesabu mashina kwa saa, hunywa maji kidogo tangu asubuhi. Ndani ya plastiki, joto la mchana linapita nyuzi 30. Mkojo unakuwa mzito, unakaa kwenye kibofu, na bakteria wanapata nafasi. Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwani maambukizi hupanda haraka hadi kwenye figo na yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Kuongeza vyoo peke yake hakutoshi. Mahali pengi choo kipo, kinachokosekana ni ruhusa. Kilichobadilisha mambo zaidi ni namna ya kuhesabu lengo la mavuno: lihesabiwe kwa saa 7 na nusu za kazi, si 8, ile nusu saa ikiwa ya choo na maji, na isikatwe popote. Menejimenti ilipinga kwa hofu ya kupungua kwa mashina. Jibu lilikuwa kwamba mtu anayebana mkojo tangu saa tatu hakati shina kwa usahihi, na shina lililokatwa vibaya linatupwa kwenye ugredi, yaani upangaji wa maua kwa ubora.

Ndani ya choo chenyewe: komeo la ndani, ndoano ya kutundika aproni, maji ndani na si nje, na pipa lenye kifuniko kwa sodo. Ndoano ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo husahaulika. Bila hiyo, aproni yenye mabaki ya dawa inawekwa sakafuni au begani.

Kuhusu sodo, wazo la kwanza lilikuwa kununua za kufua kwa kila mwanamke. Kwenye karatasi zinaokoa pesa. Lakini wengi wanaishi Karagita, Kasarani na Kamere, mitaa ya Naivasha, kwenye vyumba vya kupanga, ambako maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 na kamba ya kuanikia ni ya ploti nzima. Sodo ya kufua inataka maji safi, sabuni na jua kamili. Ikianikwa chini ya godoro kwa aibu, inabaki na unyevu na kuleta muwasho. Kwa hiyo kila mmoja anachagua mwenyewe: za kufua, za kutupa, au kikombe cha hedhi pamoja na somo la kukichemsha. Kutoa aina moja kwa wote ni kutupa pesa.

Maji ya kunywa yana shida yake Bonde la Ufa. Visima vingi vina floridi juu ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inazidi kukolea. Kichujio cha mkaa wa mifupa kinaipunguza, mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati. Bili hii imewekwa safu ya kwanza.

Septemba: dawa

Dhana iliyozoeleka ni kwamba sumu ni tatizo la wapiga dawa, ambao wengi ni wanaume wenye ovaroli, barakoa na vipimo vya damu. Mvunaji naye huingia asubuhi na kukumbatia majani yaliyopigwa jana, mkono kwa mkono, hadi jioni. Kinachomlinda ni muda wa kusubiri kabla ya kurudi ndani, ulioandikwa kwenye lebo ya dawa, na muda huo unavunjwa kwa sababu inayoeleweka: waridi halisubiri. Hukatwa mara mbili kwa siku, na ua likifunguka kupita kiasi limekufa kibiashara.

Piga mahesabu. Dawa yenye muda wa saa 12 ikipigwa saa kumi jioni, grinihausi inafunguliwa saa kumi alfajiri na wavunaji wanaingia saa moja bila shida. Yenye saa 24 inafungua saa kumi jioni ya kesho, yaani mikato miwili imepotea. Hapo ndipo mtu hupenyezwa "achukue tu yaliyofunguka". Hakuna bango la onyo litakalozuia hilo. Linazuiwa na ratiba: dawa za saa 24 zipigwe Jumamosi tu baada ya mkato wa mwisho, kwenye vitalu ambavyo Jumapili havivunwi. Za saa 48 zimeondolewa kabisa kwenye vitalu vyenye maua, zikabaki kwa vitalu vilivyopogolewa.

Ubao wa mlangoni umebadilishwa pia, kwa sababu ya saa. Karani wa dawa huandika kwa saa za kizungu. Akiandika "4:00" akimaanisha jioni, mvunaji anasoma saa nne asubuhi na kuingia mapema kwa muda wa saa sita nzima. Sasa ubao unaandikwa kwa maneno, "saa kumi jioni, Jumapili", pamoja na tarehe, jina la dawa, na sahihi ya anayeruhusu kufungua. Bendera nyekundu inawekwa milango yote miwili. Mlango wa nyuma ndio wanaopitia walio na haraka.

Glavu za kuvunia zilikuwa namba 9 na 10, za mkono wa mwanamume. Mkono wa mwanamke wa kawaida unataka 7 au 8. Glavu kubwa inamfanya avue ile ya mkono wa mkasi ili ahisi shina, na mkono huo ndio unaochubuka kwa miiba na kunyonya dawa. Glavu ya ngozi tupu, bila kitambaa cha mpira ndani, ni mtego mwingine: ikishalowa dawa haisafishiki, inakuwa kama bandeji ya sumu. Stoo imeagizwa inunue kwa namba, si kwa dazeni ya saizi moja.

Ovaroli za kupigia dawa haziendi nyumbani. Zikienda, anayezifua ni mke, kwenye beseni lile lile la nguo za mtoto. Kufulia kunafanyika shambani, na maji yake yanapita kwenye shimo la kuchujia, hayaelekezwi ziwani. Tahadhari iliyosahaulika ni kwamba wafuaji wenyewe ni wanawake. Wanahitaji aproni ya mpira, glavu ndefu na gambuti, na wanastahili kupimwa damu sawa na wapiga dawa.

Kipimo chenyewe ni cha kolinesterasi, kimeng'enya cha damu ambacho baadhi ya dawa hukishusha. Kiwango cha msingi kinachukuliwa mtu akiwa hajagusa dawa kwa siku 30 hivi, kisha vipimo vya baadaye vinalinganishwa na hicho chake mwenyewe, si na wastani wa wengine. Kwenye utaratibu unaotumika California, kikishuka hadi asilimia 80 ya msingi, namna ya kufanya kazi inakaguliwa. Cha seli nyekundu za damu kikifika asilimia 70, mtu anaondolewa kwenye dawa hadi kirudi 80. Bila kiwango cha msingi, kipimo cha baadaye hakina maana, na bado kuna mashamba yanayopima mara moja kwa mwaka bila msingi wowote na kufungia majibu kwenye faili.

Kubwa zaidi: kipimo hiki kinaona oganofosfati na kabamati pekee, makundi mawili ya dawa za wadudu. Dawa za ukungu, ambazo waridi hupigwa kwa wingi, hakizioni. Mankozebu ni mfano. Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha idhini yake mwishoni mwa 2020, sumu kwa uzazi ikiwa mojawapo ya sababu, na mtu anaweza kuishika kutwa nzima huku kolinesterasi yake ikiwa salama salimini. Kwa hiyo "amepimwa, yuko sawa" si jibu. Jibu ni kupunguza dawa zenyewe. Utitiri mwekundu unaliwa na utitiri mwindaji, Phytoseiulus persimilis, ukiachiliwa mapema kabla majani hayajawa na utando. Mpango huu huharibika pale meneja wa kitalu anapopata hofu na kupiga abamektini, dawa ya kuua utitiri, juu yake. Mwindaji anakufa pamoja na adui na pesa zinaanza upya.

Oktoba: pakihausi

Ugredi hufanyika pakihausi, jengo la kufungashia maua, na ni kazi ya kusimama. Meza ya kazi nyepesi inatakiwa iwe sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwiko, lakini meza moja inahudumia wanawake warefu na wafupi. Badala ya kubadilisha meza, zimetengenezwa jukwaa za mbao za kusimamia, za kimo tofauti, pamoja na kigingi cha kupumzishia mguu mmoja kwa zamu, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Mikeka ya mpira imewekwa juu ya saruji. Viti virefu vipo kwa wajawazito.

Kwenye chumba baridi ni nyuzi 2 hadi 4. Jaketi moja la kupokezana linavaliwa likiwa na jasho la mwenzako. Kila mmoja awe na lake.

Oktoba: mimba na mkataba

Hii ndiyo sehemu ambayo primiamu haina nguvu nayo, na ndiyo inayobeba mengine yote. Kanuni za Fairtrade zinakataza kumpima mtu mimba wakati wa kuajiri, na zinakataza mjamzito au anayenyonyesha kushika dawa. Kazi nyepesi inatolewa bila kukata mshahara. Yote hayo yanaanza kufanya kazi siku mwanamke anaposema kuwa ana mimba. Mwenye mkataba wa msimu hasemi. Anajua kwamba mkataba hukoma msimu ukiisha, na kwamba mwenye tumbo huambiwa tu "tutakupigia". Basi anaficha hadi mwezi wa tano, na majuma ya mwanzo, ambamo viungo vya mtoto vinaumbwa, yanapita akiwa kati ya majani.

Kinachoshughulikiwa: orodha ya kurudishwa kazini iandikwe kwa mpangilio wa tarehe za kuajiriwa na ibandikwe ukutani, ili jina lisirukwe kimyakimya. Pia kazi nyepesi isiwe mkononi mwa supavaiza mmoja. Mwanamume akiwa ndiye anayeamua nani akae kwenye kiti na nani abaki kwenye mavuno, anapata cha kuuza. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kingono. Sera iko kwenye fremu ofisini. Lililokosekana ni mtu wa kupokea malalamiko asiye kwenye mstari wa mamlaka wa mlalamikiwa, na sasa kamati ya jinsia ina wawili, mmoja wa pakihausi, mmoja wa grinihausi.

Novemba: maziwa

WHO inashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Likizo ni mitatu. Miezi mitatu iliyobaki ndiyo mradi wenyewe.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyesha chenye mahali pa kunawa, jokofu, soketi, meza ndogo na kiti cha kukalika, na atoe muda wa kunyonyesha au kukamua, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Chumba, basi, ni safu ya kwanza. Primiamu imelipia mashine za kukamulia na vyombo vyenye vifuniko na lebo. Maziwa yaliyokamuliwa hudumu saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba na siku 4 kwenye jokofu la nyuzi 4. Jokofu liwe la maziwa tu. Kuna mazoea ya kupeleka chupa kwenye chumba baridi cha maua, na huko kuna ndoo za dawa za kutunzia maua.

Kituo cha watoto kimejadiliwa zaidi kuliko jambo lolote. Kikiwa mbali, saa ya kunyonyesha inaishia njiani. Kikiwa katikati ya vitalu, mtoto anavuta dawa. Imekubaliwa kiwe upande upepo unakotoka, karibu na pakihausi, na mapumziko yahesabiwe kuanzia mama anapofika mlangoni. Mshahara wa walezi bado haujapata akiba ya mwaka, kwa hiyo ujenzi umesimama hapo.

Novemba hadi Desemba: uchunguzi

Msimu wa kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi umewekwa kabla ya Januari, maana kuanzia hapo kila mtu ni wa oda za Valentine. WHO inapendekeza kuanza miaka 30 kwa kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, kila miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi kuanza miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Faida ya HPV shambani ni kwamba mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe chooni. Kasoro yake: majibu huchelewa, na mfanyakazi wa msimu akishaondoka hapatikani. Njia ya siki inatoa jibu hapo hapo: asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 inapakwa, inasubiriwa dakika moja, kisha weupe unaangaliwa. Inategemea macho ya muuguzi na taa nzuri, na tochi ya simu si taa nzuri.

Sharti la kumlipa mtoa huduma ni moja: aje na kifaa cha tiba ya joto, ya kuchoma seli zenye kasoro, siku ile ile. Kambi ya kupima bila kutibu humwachia mtu hofu na rufaa ya hospitali ambayo nauli yake hana. Tiba yenyewe ni nyuzi 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30. Baada yake ni wiki nne bila tendo la ndoa, na hapa kadi ya maelezo imeandikwa kwa ajili ya mume pia, kwa sababu mke kurudi na habari hiyo kwa mdomo tu huleta ugomvi. Mabinti wa miaka 10 wanaelekezwa kwenye chanjo ya HPV, ambayo serikali inaitoa tangu Oktoba 2019.

Siku ya uchunguzi inalipwa kama siku ya kazi. Majina hayafiki ofisini.

Katika kambi hiyo hiyo, chanjo ya pepopunda kwa dozi tano: ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, kisha mbili zaidi, kila moja baada ya mwaka mmoja. Miiba ya waridi inatosha kuwa sababu, na mama aliyechanjwa humkinga pia mtoto anayezaliwa. Damu ilipimwa kwa tone la kidole, kuona kama himoglobini imepungua. Kizingiti cha gramu 12 kwa desilita kwa asiye mjamzito, na 11 kwa mjamzito (10.5 katika miezi mitatu ya katikati), ni cha usawa wa bahari. Naivasha iko juu ya mita 1,800, kwa hiyo kizingiti lazima kipandishwe, la sivyo wengi wenye upungufu wanaandikwa wazima. Vidonge vya madini ya chuma vinanywewa mbali na chai, saa moja au mbili kando. Chai ya saa nne kazini ndiyo wakati ambao wengi walikuwa wanavimeza.

Yanayosubiri

Bima: mchango wa SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, na kiwango cha chini ni shilingi 300. Wafanyakazi wa msimu wanakatika kati ya mikataba, na kamati inapiga hesabu kama primiamu inaweza kuwalipia miezi hiyo bila kugusa fungu la asilimia 20 linaloruhusiwa kugawanywa kama pesa taslimu.

Kazi ya ziada ya Januari na Februari: kikomo cha Fairtrade ni saa 12 kwa wiki. Rekodi za saa zitaletwa kwa kamati kila Ijumaa badala ya kusubiri mkaguzi.

Basi la usiku linashusha wanawake barabara kuu, si mtaani. Ombi la vituo viwili vya ziada, Karagita na Kamere, liko mezani kwa meneja wa usafiri, na liko safu ya kwanza.